Sanduku Lisilo na Tundu

Alunguli, Kindu

Shemeji Mulonda,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, maana nilikuwa mmoja wa waliokubeba, basi nitakupa ya kwetu tu. Feza dada yako ni mzima na bado ananisema asubuhi na jioni. Mama yako ni mzima. Jumamosi iliyopita tulitosha kilio chako, matanga yakaisha, nguo nyeusi zikavuliwa, watu wakala wali na mboga ya sombe na samaki wa makayabo mpaka wengine wakasahau kilichowaleta. Na mimi Amisi, seremala, mume wa dada yako, nimeshinda ubishi wetu. Nimeona nikuandikie upesi kabla hujafikiwa na maneno ya wapigaji muziki wenzako, kwa sababu hao hawajui kusimulia jambo bila kujiweka katikati.

Usione nakutania ukadhani siumii. Tangu nimwoe Feza hatujawahi kuongea mimi na wewe bila kuchokozana. Nikianza leo kukuita marehemu kwa sauti ya chini, wewe mwenyewe utauliza nimepatwa na nini. Lakini naumia, Mulonda. Mtu akipiga hodi kwa kucha badala ya ngumi, kama ulivyozoea wewe, nainuka kabla sijakumbuka. Ulikwenda Kalima kupiga muziki na wenzako, ukarudi na homa, na kabla hatujazoea kwamba unaumwa tukawa tunakuzika. Mtu wa mwili kama wako. Bado sijakubali vizuri.

Hukutuachia vitu vingi. Picha yako nzuri hatuna. Iko ile ya kadi ya chama tu, ambamo umevaa koti la abakosti la kuazima na umekaza uso kama mtu aliyeambiwa asipumue. Sauti yako hatuna pia, kwa kuwa hukuwa mwimbaji. Kilichobaki ni kanda moja, ile ya mazoezi, siku yule kijana wa Kisangani alipokuja na mashine yake ya kurekodi kwenye ukumbi wa shule akaiweka sakafuni mbele yenu. Wenzako wote walisema watatafuta nakala. Ya kwako ilibaki kwa Feza.

Siku za mwanzo za kilio, hapa nyumbani kwetu, mama yako akiwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wa mtaa, Feza aliweka ile kanda kwenye redio yetu ndogo. Alitaka kumfariji. Mama yako, unajua, hakuwahi kuja kukusikia hata mara moja. Alisema baa si mahali pa mama mwenye heshima, nawe ulicheka na hukumsihi. Sasa akasogea, akatega sikio. Mwimbaji akasikika. Gita ile nyembamba ikasikika, na ile ya pili, na ngoma, na hata yule mjinga wenu wa kupiga filimbi kwa mdomo. Mama yako akauliza wewe uko wapi. Feza akamwambia unapiga besi, ile sauti ya chini. Mama yako akainama mpaka kitambaa chake kikagusa redio. Hakuna kitu. Spika ya redio ile ni pana kama kisosi, na sauti nene hazipiti kwenye kisosi. Tukaazima redio ya jirani, hakuna kitu. Mama yako akainua kichwa, akasema neno ambalo sijalisahau: "Wote wako mule ndani. Mutoto wangu tu njo haiko."

Halafu akasema hatavua nguo nyeusi. Wazee wapange siku yao, wapike, wale, lakini yeye hatatosha kilio cha mtoto ambaye hata kwenye kanda yake mwenyewe hayumo.

Wajua ulimi wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa kusimama, na mbele ya watu wote nikasema mama atamsikia mwanawe kabla ya siku hiyo kufika. Nilisema kama mtu aliyelewa, na mimi sinywi. Feza alinitazama, nikajua jioni nitasemwa.

Kwanza nilifanya ulivyokuwa unataka wewe. Nisihesabiwe kwamba sikukupa nafasi. Nilichukua kanda mpaka kwenye ile baa yenu upande wa pili wa mto, yenye mabafle makubwa uliyokuwa unayasifu, yale makasha ya spika yaliyotobolewa tundu mbele ili yapumue. Mwenye baa alinikubalia mchana, watu hawajaja. Ukatoka, shemeji, siwezi kusema hukutoka. Lakini ulitoka bu, bu, bu, sauti ile ile moja kila mahali, kama mtu anayetwanga mihogo. Ungepanda juu au ungeshuka chini, bu. Ungenyamaza, bu bado inaendelea. Nikatoa kanda nikamshukuru. Ningempelekea mama yako mtwangaji ambaye hamjui?

Miaka yote tumebishana jambo hili. Wewe ulisema, "Sanduku bila tundu ni kaburi, Amisi, sauti itakufa mule." Nami nilikujibu kwamba tundu linaongeza sauti moja na kuzisahau nyingine, na kwenye chumba kidogo chenye kuta za karibu hiyo moja inazila zote. Funga sanduku kabisa. Hewa iliyo ndani haina pa kwenda, basi inaishika spika kwa nyuma na kuirudisha mahali pake. Spika ikiambiwa piga inapiga, ikiambiwa nyamaza inanyamaza. Na wewe ulikuwa mpigaji wa kunyamaza. Uzuri wako wote ulikuwa pale unapoacha. Ulikuwa hujui jambo hilo juu yako mwenyewe, na mimi sikukwambia ukiwa hai kwa sababu ungevimba kichwa.

Nikaanza kazi. Spika nilipewa na wenzako, ile ya bafle lako la zamani, karatasi yake imechanika kama jani la ndizi. Nikaiziba kwa kipande cha shashi na gundi nyembamba, nikaiacha ikauke kivulini. Mbao nilichukua zile za mvule alizoniachia baba, zilizokaa juu ya dari tangu kabla sijaoa. Watu wa hapa wanapenda kujenga kwa mbao mbichi, kwa kuwa msitu uko mlangoni, kisha kiangazi kikija kila kitu kinafunguka meno. Kwenye kitanda si neno. Kwenye sanduku hili ufa wa unene wa unywele ungetosha kuniaibisha.

Nilikata mbao za unene wa mlango, nikaunganisha pembe kwa meno ya kuingiliana, gundi na skrubu, na ndani nikaweka mihimili ya kuvuka ili kuta zisitetemeke zenyewe. Halafu nikashuka mtoni kwa wale wanaoziba mitumbwi, nikaomba lami yao. Walidhani nimenunua mtumbwi. Nilipowaambia ni ya sanduku la muziki, mmoja akaniuliza, "Utaelea nalo?" Nikamwambia nikishindwa ndiyo, nitapanda humo nikimbie mji. Nikaipaka lami viungo vyote kwa ndani, na pale spika inapokaa, pande zote.

Kujua kama linavuja, nilisukuma spika kwa vidole, polepole, nikaiachia. Sanduku linalovuja hurudisha spika mara moja. Langu lilirudisha mara moja. Nikakasirika sana. Nikawasha kibatari, nikakizungusha kwenye kila pembe huku Feza anasukuma spika kwa ndani na nje, mpaka moto ukainama. Ilikuwa pale waya unapopitia. Niliziba mbao nzito zote kama fundi, nikasahau tundu la waya. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nikaziba, nikasubiri, nikajaribu tena. Spika ikarudi taratibu, kama mzee anayeinuka kitini. Hapo nilicheka peke yangu.

Lakini sanduku lilikuwa dogo kwa spika ile, na sauti ilikuwa ngumu, haina tumbo. Niliwahi kukwambia kwamba ukijaza kitu chepesi ndani, sanduku hujidhani kubwa, nawe ukanicheka siku nzima. Nilihitaji usufi, mwingi, mkavu. Sokoni ulikuwa umechanganyika na takataka. Basi nikachana godoro letu. Feza alikuwa Kailo kwa shangazi yenu siku hiyo, na niliona ni akili nzuri kabisa. Nikajaza, nikapaka lami mara ya mwisho, nikafunga. Aliporudi akalala, akauliza kwa nini anahisi mbao za kitanda. Nilisemwa, shemeji. Ila sanduku lilipata tumbo.

Chumba unakijua. Ni kile kile chetu cha kulala, chumba cha muziki kama ulivyokiita, mimi kitandani na wewe kwenye kigoda mlangoni, kwa sababu kitanda ni cha dada yako na hukutaka hata goti lako likiguse. Nilining'iniza mkeka chini ya mabati yasilie. Sanduku nililijaribu pembeni, likanguruma mno. Nikalitoa pembeni, nikalisukuma huku na huku mpaka likatulia katikati ya ukuta unaogawa chumba na salo, sebule yetu. Umeme wa mji sikuutegemea, nilichaji betri ya lori. Spika ndogo za zamani nikaziacha juu zitoe waimbaji, na sanduku litoe wewe. Siku ya kutosha kilio ningelibeba mpaka salo, mama yako akae mbele yake. Ndivyo nilivyopanga.

Kanda yenyewe sikuiweka. Nilijaribu kwa nyimbo nyingine. Nilitaka mama yako awe wa kwanza kukusikia humo.

Sasa sikiliza aibu yangu. Asubuhi ya siku yenyewe watu wameanza kujaa uani, vyungu viko motoni, shangazi yenu wa Kailo amefika na ile sauti yake. Wanawake wanapepeta mchele, na Feza, kwa kuchekesha tu, anawasimulia kwamba mume wake amemlaza juu ya mbao, godoro lote liko kwenye sanduku. Wote wakacheka. Shangazi hakucheka. Akaniita. Akaniuliza mbele ya watu, "Amisi, usufi ya kitanda yako na Feza njo iko mule ndani? Na unataka mukwe yako aikale mbele yake?"

Mulonda, fikiria mwenyewe. Mimi mtoto wa Kindu, niliyelelewa kwa adabu, nisiyekula mbele ya mama yako, nisiyepita nyuma ya kiti chake, nilikuwa ninakwenda kumkalisha mbele ya kitanda changu na kumwambia asikilize. Kitanda cha mkwe hakiguswi, hakionwi, hakitajwi. Na mimi nilikuwa nimekipigia skrubu na kukiwekea muziki. Ukiwa hai ungekufa kwa kicheko.

Kulifungua haikuwezekana. Spika ilishikwa na lami, ningeichana shashi yake, na lami mpya inataka siku nyingi. Kumwingiza mama yako chumbani ndiyo kabisa haisemeki. Nikafikiri kumwambia ahadi imevunjika. Nilimwona kwa mbali amekaa kwenye mkeka na nguo yake nyeusi, anangoja, kwa sababu Amisi alisema atasikia. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. Sanduku libaki lilipo. Mlango ufungwe, pazia lishushwe, mimi niwe ndani peke yangu. Mama yako akae salo, mgongo ukutani, asikilize kwa nje. Nilimwambia, shangazi, huo ni ukuta wa udongo, ni mnene, atasikia nini? Akanijibu, "Atasikia yenye Mungu atamupa. Wewe funga mulango."

Nikaingia kama mtu anayekwenda kujificha. Kazi yote ile, mbao za baba, lami, godoro, na sasa udongo ule wote upite kati yake na wewe. Nikaweka kanda, nikafungulia.

Kwanza mkakohoa, mkaburuza viti. Gita nyembamba ikaanza, mwimbaji akaingia. Halafu wewe ukaingia.

Siwezi kukueleza vizuri. Nilikaa karibu nawe miaka, nimekusikia kwenye baa zote za Kindu, na sikuwahi kukusikia hivyo. Kila sauti ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Kulikuwa na pale unapomwacha mwimbaji aende peke yake, unanyamaza kabisa, na sanduku likanyamaza nawe, halafu unarudi kwa chini kama mtu anayeingia nyumbani kwake bila haraka. Nilikaa kwenye mbao za kitanda nikalia. Nililia kwa sababu ulikuwa mzuri kweli, na nililia kwa sababu nilikuwa na haki kuhusu tundu, na hukuwepo nikukoge.

Katikati ya wimbo nikasikia ukuta unagongwa. Nilidhani wanataka nizime. Nikasogea. Ulikuwa mkono, kiganja wazi, upande wa pili wa udongo. Haukufuata ngoma. Haukufuata mwimbaji. Ulikufuata wewe, kila unapopiga, na unaponyamaza nao unanyamaza.

Wimbo ulipoisha Feza akafungua mlango kidogo, machozi mpaka shingoni, akaniambia mama anauliza, "Wale wengine wamekwenda wapi?"

Ndipo nikaelewa, mimi fundi. Ukuta ulikuwa umewala wote. Mwimbaji, magita, ngoma, yule wa filimbi, udongo uliwazuia, maana sauti nyembamba hazina nguvu ya kupita. Nene hupita. Watu wote waliokaa salo, mama yako mgongo ukutani, hawakusikia orkesta. Walisikia Mulonda peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Na sanduku lenye tundu lingewapelekea nini kwa ukuta ule? Bu. Hilo uliweke rohoni.

Shangazi sasa anatembea Alunguli nzima akisema yeye ndiye aliyetengeneza. Mwache.

Lakini bado sijamaliza. Fundi ni fundi, nilitaka sifa zangu kamili. Nikamwambia Feza, mwambie mama nitaufungua mlango na kukunja pazia, asikie jinsi mwanawe alivyowabeba wenzake, asikie wimbo mzima kama ulivyo. Na mama yako, ambaye tangu nimwoe binti yake hajawahi kusema nami bila kumpitia mtu, akasogea mpaka pazia. Niliona miguu yake kwa chini. Akasema na mimi mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi: "Acha mulango, Amisi. Wale wengine wako na mama zao. Rudisha."

Nikarudisha. Nilirudisha mpaka betri ikachoka. Kisha akina mama wakamzunguka, wakamvua ile nguo nyeusi, na hakukataa.

Basi lala, shemeji. Nitaendelea kubishana nawe kila nikishika randa, na safari hii unisamehe kama nitashinda mara zote. Kanda nitaitunza isiliwe na unyevu. Godoro jipya nimemwahidi Feza. Na wewe nakuahidi hivi: kila mama yako atakapovuka mto kuja kwetu, nitamwekea kiti penye ukuta, nitafunga mlango, nitashusha pazia, na mwimbaji hata mmoja sitamruhusu apite.

Mume wa dada yako,
Amisi